Mtungi haukeshi na mgonjwa

Msafiri anayefika Chokocho, kusini mwa kisiwa cha Pemba, huona mara moja jinsi maisha ya watu wa pale yalivyofungamana na bahari. Vyombo huvuka kwenda na kurudi Kisiwa Panza, vikichukua wanafunzi, wavuvi, wafanyabiashara wadogo na, inapotokea haja, wagonjwa. Mgonjwa anayetoka ng'ambo hungoja chombo, huvuka, kisha hutafutiwa gari la kumfikisha Mkoani, katika Hospitali ya Abdalla Mzee. Kwa mtu mwenye jeraha la mguu, safari hiyo ni usumbufu. Kwa mtoto mchanga aliyeshikwa na kichomi, ambaye kila pumzi anaivuta kwa jasho, safari hiyo ni hesabu ya dakika.

Sasa tujiulize swali moja. Mtoto huyo akifika salama mwisho wa safari yake, ni kitu gani kinachomngoja? Wengi wetu tutajibu upesi kwamba kinachomngoja ni gesi ya oksijeni. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Gesi iliyomo mtungini haimjui mtoto. Haijui kama amepata nafuu au amechoka. Haijui kama mirija imechomoka puani. Haijui hata kama yenyewe inakaribia kwisha. Mwenye kuyajua hayo yote ni muuguzi. Kwa hiyo, kama kweli tunataka watoto na wazee wetu wapone, hapana budi tumtazame muuguzi kwa macho yale yale tunayoutazamia mtungi, tena kwa makini zaidi.

Nasema haya bila ya kudharau vifaa. Yamefanyika mengi ambayo kila mwenye insafu atayakiri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yalitolewa kwa wananchi wa Visiwani bila ya malipo, na tangu mwaka huo huo madaktari kutoka jimbo la Jiangsu nchini China wamekuwa wakija kwa zamu kutibu Unguja na Pemba. Hospitali ya Abdalla Mzee imejengwa upya kwa msaada wa China na ikafunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, ambapo kabla ya hapo kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli. Kisha yakaja maradhi ya UVIKO-19, na katika miaka ya 2020 na 2021 dunia nzima, tajiri na maskini, ikajifunza kwa uchungu kwamba hospitali isiyokuwa na oksijeni ya kutosha ni jengo tu. Mwezi wa Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote zihakikishe oksijeni ya tiba inapatikana.

Hatari iliyopo ni kwamba, baada ya kujifunza somo hilo, tunaweza kuridhika kwa kuhesabu mitungi na mashine. Ripoti ikionyesha idadi ya mitungi, tunapiga makofi. Ni mara chache anayesimama kuuliza: usiku wa manane, nani anaitazama?

Kwanza ifahamike kwamba oksijeni ni dawa. Si upepo wa kumburudisha mgonjwa, wala si heshima anayopewa mkubwa akilazwa. Hewa tunayoivuta kila siku ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na kwa mtu mzima wa afya hiyo yatosha. Mapafu yakiugua, damu huikosa, na hapo ndipo inapohitajika ya ziada. Joseph Priestley wa Uingereza aliitoa gesi hiyo mwaka 1774, lakini utaratibu wa kuwatibu watu kwayo kwa kipimo ulikomaa baadaye sana, hasa alipoutumia John Scott Haldane katika Vita Kuu ya Kwanza kuwaokoa askari walioungua mapafu kwa gesi za sumu. Leo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2017 lilitamka wazi kwamba ni dawa ya upungufu wa oksijeni katika damu.

Na dawa yoyote ina kipimo. Ikizidi, hudhuru. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, hospitali zenye vifaa bora kabisa duniani ziliwajaza oksijeni watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, na maelfu ya watoto hao wakapofuka. Daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alieleza mwaka 1951 kwamba oksijeni iliyozidi ndiyo inayodhaniwa kuwa sababu, na majaribio ya Marekani yakathibitisha. Baada ya hapo wengine wakaogopa mno, wakaipunguza kupita kiasi, na watoto wakafa kwa kuikosa. Somo lake ni zito: walio na mtambo mzuri lakini hawana mtu wa kupima na kupimua wanaweza kuangamiza kwa kuzidisha na wakaangamiza tena kwa kupunguza.

Basi kazi ya muuguzi inaanzia wapi? Inaanzia machoni. Mtoto anapofikishwa, muuguzi hamkimbilii mtungi kabla hajamtazama mtoto. Hutazama kama pua zinapanuka kwa kila pumzi, kama kifua cha chini kinazama ndani pale kilipopaswa kuinuka, kama mtoto anakoroma au anashindwa kunyonya. Huhesabu pumzi kwa dakika nzima: kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno, kwa wa mwaka mmoja hadi minne, 40 au zaidi. Huutazama ulimi na sehemu ya ndani ya midomo, maana kwa ngozi zetu nyeusi ubuluu wa kukosa oksijeni hujificha kwingineko.

Kisha hukitia kidoleni kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni. Kifaa hicho kinatokana na uvumbuzi wa mwaka 1974 wa mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, na kimewaokoa watu wasiohesabika. Kikionyesha chini ya asilimia 90, mgonjwa anahitaji oksijeni bila ya mjadala. Lakini kifaa hicho nacho kina udhaifu wake, na ni muuguzi anayeujua. Mikono ikiwa baridi, hukosea. Vidole vya bibi harusi vilivyotiwa piko nyeusi au rangi ya kucha huweza kukidanganya, na hapo muuguzi hutafuta kidole kisichopakwa au ndewe ya sikio. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi kifaa hiki mara nyingine huonyesha kiwango kizuri kuliko kilichomo hasa katika damu. Na mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuonyesha namba nzuri ilhali mwili wake una njaa ya oksijeni. Kwa hiyo muuguzi mwema huisoma namba, kisha humsoma mgonjwa. Viwili hivyo visipopatana, humwamini mgonjwa.

Baada ya hapo ndipo mirija inapotiwa puani. Mtoto mchanga hupewa nusu lita hadi lita moja kwa dakika, aliyekua kidogo lita moja hadi mbili, na mtu mzima kadiri daktari alivyoandika. Mtu mwenye maradhi ya mapafu ya muda mrefu, kama mzee aliyevuta tumbaku umri wake wote, hufikishwa kiasi cha asilimia 88 hadi 92 tu, kwani kumpandisha zaidi kunaweza kumletea usingizi mzito na hata kifo. Hayo yote yaandikwe katika karatasi ya mgonjwa: kiasi gani, kwa chombo gani, kuanzia saa ngapi, na lengo ni lipi. Oksijeni isiyoandikwa ni dawa isiyokuwa na mwenyewe.

Lakini kumtilia mgonjwa mirija ni mwanzo tu. Muuguzi humkalisha akiegemea mito, kwani akilala chali pumzi huzidi kuwa nzito. Huzisafisha pua ili makamasi yasizibe njia. Hutazama nyuma ya masikio na juu ya mdomo, mahali mirija inapokaa, pasije pakachubuka. Humpa maji ya kusukutua, maana kinywa hukauka. Mgonjwa wa barakoa akitaka kula, hubadilishiwa mirija ya puani ili asikose pumzi wakati wa chakula. Chupa ya maji ya kulainisha gesi huoshwa na kutiwa maji safi kila siku. Ikiachwa, huwa kisima cha vijidudu kinachopulizwa moja kwa moja mapafuni. Kila baada ya muda uliopangwa hurudi, hupima tena, huandika tena. Hakuna hata moja katika hayo linalofanywa na mtungi.

Niruhusuni nitoe ushahidi wangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimuuguza jamaa yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa watu watano tumekizunguka kitanda. Jioni nzima mgonjwa alihangaika, akawa anavua barakoa na kutaka kuinuka. Usiku ulipokwenda akatulia. Sote tukamshukuru Mungu, na mmoja wetu akasema, "Sasa amepata usingizi." Muuguzi wa zamu, ambaye alikuwa peke yake kwa wadi nzima, alipofika hakufurahi pamoja nasi. Alimwita mgonjwa kwa jina, hakuitikiwa vyema. Akaangalia saa ya mtungi, mshale ulikuwa umelala. Dakika chache baadaye mtungi mwengine ulikuwa umefungwa na daktari ameamshwa. Nilipomwuliza alfajiri aligunduaje, alinijibu kwa upole: "Mgonjwa wa pumzi akinyamaza ghafla, mzee wangu, mimi sifurahi. Mimi hukimbia."

Jamaa yangu alipona. Lakini tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: lau yule muuguzi angecheleweshwa na mgonjwa wa kitanda cha mwisho kwa nusu saa zaidi, ingekuwaje? Sisi watano, wenye macho kumi, wenye kusoma na kuandika, tuliukaa mtungi mtupu tukiudhani umejaa. Uchovu wa kufa tuliuita usingizi.

Na jambo lenyewe lilikuwa la hesabu ya darasani. Mtungi mkubwa wa hospitali huchukua kiasi cha lita 6,800. Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 1,360, yaani saa 22 na dakika 40. Akipandishwa hadi lita 10, utakwisha kwa saa 11 na dakika 20. Mtungi uliofunguliwa saa mbili za usiku kwa kiasi hicho cha pili unakwisha asubuhi saa moja na dakika 20, wakati ule ule wa kupokezana zamu, ambapo anayetoka amechoka na anayeingia hajamjua mgonjwa. Kila muuguzi anapopokea zamu, anastahili kuambiwa si jina na maradhi tu, bali pia mtungi umebakisha saa ngapi na wa akiba uko wapi. Walimu wa hesabu wanaotafuta mifano kutoka katika maisha ya wananchi hawana haja ya kwenda mbali.

Lipo jengine linalotuhusu sisi tunaokaa kando ya kitanda. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini hukifanya kila kinachowaka kiwake kwa ghadhabu. Kwetu, mgonjwa akizidiwa, kuna anayetaka kumfukizia ubani au udi; mwengine hutoka nje kuvuta sigara na kurudi na kiberiti mfukoni; mwengine humpaka mgonjwa mafuta mazito midomoni na puani kwa huruma. Chetezo chenye makaa karibu na mtungi ni balaa. Mafuta ya kujipaka karibu na gesi hiyo nayo ni hatari, wala mikono yenye mafuta haifai kugusa vali. Mtungi wenyewe sharti usimamishwe na kufungwa mnyororo, kwani ukianguka na shingo yake ikavunjika, huruka kama kombora. Muuguzi anapotukataza hayo, tusimwone mkali. Analinda wadi nzima.

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote ninayoiona haimo mtungini wala wadini. Imo katika fikra zetu. Kwetu imezoeleka kusemwa, "Fulani ametiwa mipira," na anayesikia huinamisha kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. Wapo wanaokataa mgonjwa wao asitiwe. Wapo wanaoivua mirija kwa siri, wakidhani ndiyo inayomvuta mtu kaburini. Fikra hiyo haikutoka hewani. Zamani oksijeni ilikuwa haba, ikiwekewa aliyekwisha kukata tamaa, na aliyetiwa mara nyingi alikufa. Watu wakaona mirija na mauti vimefuatana, wakahukumu kwamba kimoja kimeleta chengine. Ni sawa na mtu kusema kwamba zimamoto ndiyo inayochoma nyumba kwa sababu kila penye moto huiona.

Imani hiyo ikiachwa, huzaa ushahidi wake yenyewe. Mama anaogopa mirija, anamchelewesha mtoto, mtoto anafika amechelewa, anatiwa mirija, anakufa, jirani anasema, "Hamkuona?" Mduara huo hauwezi kukatwa na mtungi mpya. Unakatwa kwa maneno: kwa muuguzi kupata wasaa wa dakika tano kumweleza mama kwamba hii ni dawa, kwamba mtoto wake ataachishwa kidogo kidogo kadiri anavyopona, na kwamba wengi wanaotiwa mapema hurudi nyumbani. Lakini muuguzi aliye peke yake kwa wadi nzima hana dakika hizo tano. Ndiyo maana nasema upungufu wa wauguzi si usumbufu wa kazi tu. Ni upungufu wa dawa yenyewe.

Hapa ndipo walimu na watumishi wa Serikali wanapoingia. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili wa Tanzania Bara katika vikundi vya kusikiliza redio, wakisoma, wakijadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walioziongoza nasaha zile vijijini hawakuwa madaktari. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Kama tuliweza kuwafundisha wananchi adui asiyeonekana aliyemo majini, hatushindwi leo kuwafundisha dalili tatu au nne za mtoto anayekosa pumzi, na kwamba mirija si sanda. Mwalimu wa Chokocho anayelieleza hilo darasani analipeleka katika nyumba zote za wanafunzi wake kwa siku moja.

Kwa upande wa utawala, mambo ni wazi. Anayeagiza mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani ajue kwamba umeme ukikatika, nayo hukatika. Basi pawepo mtungi wa akiba kando yake, nao uwe umejaa. Anayepeleka mashine apeleke pia vichujio, mirija ya watoto na ya watu wazima, na fundi wa kuitengeneza. Anayeandaa bajeti ya vifaa aweke katika mstari huo huo mafunzo ya wauguzi walio kazini, maana aliyehitimu miaka ishirini iliyopita hakufundishwa yanayojulikana leo. Gari la kuwachukua wagonjwa kutoka vijiji vya mwisho liwe na mtungi mdogo na mtu anayejua kuutumia, kwani mtoto wa Kisiwa Panza anahitaji pumzi njiani, si Mkoani tu. Na orodha ya zamu ya usiku isipangwe kana kwamba usiku wagonjwa hawaugui.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaodai kwamba tupate kwanza mitambo, watu watafuata. Hoja hiyo ina sura ya busara, kwani mtambo huonekana, huzinduliwa, hupigwa picha. Muuguzi anayeitazama saa ya mtungi saa tisa za usiku hapigwi picha na mtu yeyote. Lakini mtambo usiokuwa na mtu ni jahazi lisilokuwa na nahodha: lina tanga, lina upepo, na bado litakwenda mwambani. Florence Nightingale, katika kitabu chake juu ya uuguzi cha mwaka 1859, aliitaja hewa anayoivuta mgonjwa kuwa jambo la kwanza la kuangaliwa na muuguzi. Leo hewa hiyo inatoka mtungini, lakini jukumu la kuiangalia halijahama.

Turudi Chokocho. Chombo kimefunga, mama ameshuka na mtoto kifuani, gari linangoja. Sisi tuliobaki ufukweni hatuna tunaloweza kumwongezea ila tulilokwisha kuliandaa kabla ya siku hiyo: barabara, umeme, mtungi, na mwisho wa safari, mtu aliye macho. Vitatu vya kwanza hununuliwa. Cha nne hufundishwa, hulipwa vyema, hupewa mwenziwe wa kusaidiana naye, na huheshimiwa. Tukikosa hicho cha nne, vile vitatu vitamfikisha mtoto hospitali na havitamrudisha nyumbani.